Ukuta wa Chumba cha Binti

"Usinitajie pimamaji wala nyundo! Nimekuuliza, mlango wa choo unafungukia wapi?"

"Unafungukia sebuleni, dada. Si unauona?"

"Nauona! Mtu akitoka chooni anampiga mgeni mlango wa uso. Hii ni nyumba au mtego wa panya?"

"Nitaugeuza."

"Lini? Bomba la jikoni ulisema utalitengeneza, sasa limefungwa mpira wa tairi kama mguu uliovunjika. Ita fundi, wewe! Kuendesha lori miaka ishirini hakujakufanya mwashi."

Masafa alitia misumari mdomoni, akainua nyundo. Ndivyo walivyomwita watu wote, Masafa, kwa sababu ya safari zake ndefu, na hata dada yake akikasirika alisahau jina alilopewa na wazazi wao. Kwa misumari ile hata jibu zuri lingekwama.

Dada aliingia chumba cha nyuma. Akapitisha kiganja ukutani, na mchanga ukamwagika sakafuni kama unga kwenye chekeche.

"Na hapa ndipo utakapomlaza mtoto?"

"Ni lipu imeachia tu. Naibandua, napiga upya."

"Sikiliza, mdogo wangu." Sauti yake ilishuka. "Nimemlea tangu ana miaka minne, tangu mama yake atutoke. Ameniambia mwenyewe anataka kuja kukaa na baba yake. Sitamzuia. Lakini nakupa wiki mbili. Jumamosi ya pili nikisikia ukuta huu bado unamwaga mchanga, hatoki kwangu, na wala usinipigie simu."

"Wiki mbili zinatosha."

Dada alikuwa ameshageuka kuondoka, akasimama, akanusa.

"Umefagia humu?"

"Hapana."

"Mbona pananukia vumbi lililonyunyiziwa maji? Kama mtu anayengojea wageni."

Masafa alicheka. Dada hakucheka. Aliuvuta mtandio wake begani, akaenda zake.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, ya zamani, na Masafa aliinunua siku ile ile aliyorudisha funguo za lori kwa tajiri wake. Miaka yote alilala kwenye kibanda cha gari, miguu ikigusa usukani. Kwa dada yake alifika mara mbili kwa mwaka, na kila alipofika alimletea binti mwanasesere, mpaka mwaka juzi binti alipompokea mwanasesere wa mwisho kwa mikono miwili, akashukuru, akamweka juu ya kabati bila kumtazama. Alikuwa na miaka kumi na minne. Masafa alirudi kwenye lori, akakaa muda mrefu bila kuwasha injini. Ndipo alipoanza kutafuta nyumba.

Jumapili alianza kazi. Aliwahi kusikia kwamba lipu iliyoachia hujulikana kwa kugongwa: palipo pazima panalia kavu, palipoachia panalia kama debe tupu. Kugonga alikujua. Dereva wa lori kabla ya kuondoka huzunguka gari lake na chuma mkononi, anagonga kila tairi mara tatu, anasikiliza, maana mara moja inaweza kudanganya. Basi Masafa aliugonga ukuta vilevile. Ko, ko, ko. Anasikiliza. Anatia alama kwa chaki. Anasogea. Ko, ko, ko.

Katikati ya ukuta, usawa wa kifua, paliitika kwa kina.

"Karibu," ilisema sauti.

Masafa alitoa kichwa dirishani. Uchochoro ulikuwa mtupu, jua la saa nane limesimama juu ya mabati, na jirani wa upande ule alikuwa amesafiri mwezi mzima. Akasema ni redio ya mtu. Akarudi kazini.

Kesho yake, saa ileile, alifika palepale. Ko, ko, ko.

"Karibu. Pita ndani."

Ilikuwa sauti ya mtu mzima, tulivu, ya mtu aliyeinuka kwenye kiti kukupokea. Masafa alitoka nje, akakaa kizingitini mpaka jioni, akitazama watu wanaopita wakiwa wawili wawili, wakiongea.

Siku ya tatu hakugonga kabisa. Alikuwa amechota maji, amechanganya saruji, na mgongo ulikuwa unamuuma. Tangu asubuhi hakuwa amesema neno na mtu yeyote ila "nipe mfuko mmoja" kule duka la vifaa.

"Umechoka," sauti ilisema. "Karibu, keti. Umeshindaje?"

Huenda wewe msomaji ungekimbia. Lakini Masafa hakukumbuka mara ya mwisho alipoulizwa ameshindaje na mtu aliyengoja jibu. Aliegemeza mwiko kwenye ndoo.

"Ahsante," alisema. "Nimeshinda salama."

Akaketi juu ya mfuko wa saruji.

Waliongea mpaka giza likaingia. Ukuta uliuliza habari za barabarani, ukacheka pale panapochekesha. Kesho yake uliuliza habari za binti. Anapenda nini? Anaogopa nini? Chai anakunywa na sukari kiasi gani? Kila swali Masafa alilifikiria, akaona kwamba hajui, akaona aibu.

"Usijali, si kitu," ukuta ulimfariji. "Tutamjua taratibu."

Hilo neno *tutamjua* lilimpita Masafa wakati ule. Lilimrudia baadaye.

Mambo mengine yalianza kidogo kidogo. Kipande cha lipu alichokipiga asubuhi kwa mkono wake wa kubahatisha alikikuta mchana kimesuguliwa, laini kama sahani. Akafurahi. Mlango wa choo nao alikuta umegeuzwa, unafungukia ndani, na bawaba zimetiwa mafuta. Akasema pengine aliufanya mwenyewe akasahau. Kisha alijikuta anavua viatu kabla ya kuingia chumba kile. Akajikuta anasimama kwanza, akingoja aambiwe aketi. Na Jumamosi, pale duka la vifaa alipokwenda kila siku ya wiki, muuzaji alimtazama usoni, akatabasamu kwa adabu.

"Karibu, mzee. Wewe mgeni mtaa huu?"

"Acha utani, kijana. Jana umeniuzia mchanga."

"Mimi?" Muuzaji alimkazia macho. "Labda. Nimemuuzia yule mwenye nyumba ya nyuma kule. Mnafanana kidogo, kweli."

Njiani Masafa alijipapasa uso. Mashavu yalikuwa laini mno. Ile mikunjo ya kando ya macho, aliyoipata kwa kutazama barabara zenye jua, hakuihisi chini ya vidole.

Jumapili asubuhi alimeza kiburi chake, akamfuata mwashi wa zamani aliyeitwa Babu Mwiko, mtu wa maneno machache, mfupi, mwenye kucha zilizoliwa na saruji. Babu Mwiko alikuja na nyundo ndogo. Aliingia chumbani, akagonga ukuta mara moja tu, akaburuta kichwa cha nyundo kwenda chini, akisikiliza. Akagonga tena mara moja, akaburuta. Alipofika katikati, usawa wa kifua, nyundo ilisimama hewani.

Alimshika Masafa mkono, akamtoa mpaka barabarani kabla ya kusema.

"Nani kagonga pale?"

"Mimi, babu."

"Mara ngapi?"

"Tatu. Kama tairi."

Babu Mwiko alifumba macho. "Mwashi hagongi mara tatu. Anagonga moja, anaburuta. Siye tumefundishwa hivyo na waliotutangulia, na sababu yake ndiyo hiyo. Nyumba kongwe huwa na mwenyewe nyuma ya lipu. Amelala. Ukigonga moja anajigeuza tu. Ukigonga tatu umebisha hodi. Alikukaribisha?"

"Alinikaribisha."

"Ukasemaje?"

Masafa alitazama chini. "Nikasema ahsante. Nikaketi."

"Eh, baba wee!" mzee alinong'ona. "Umekuwa mgeni kwako. Umempa yeye uenyeji."

"Nimtoeje?"

"Humtoi. Unamlaza. Siku saba kuanzia leo, mpaka jua lizame Jumamosi, akisema usijibu. Kaa humo, fanya kazi yako, lala kitandani kwako. Na ukitoka, toka tu, kama mtu anayetoka kwake. Usimuage. Umenisikia? Anayeaga ni mgeni. Ukimuaga, umekwisha mkabidhi nyumba."

"Jumamosi binti yangu anakuja, babu. Jioni."

"Basi una sababu ya kufunga mdomo."

Zile siku saba zilikuwa ndefu kuliko safari yoyote aliyowahi kuendesha. Ukuta haukumtisha. Haukupiga kelele wala kurusha vyombo. Ulimuuliza tu, kila siku saa nane, kwa sauti ya rafiki aliyekosewa bila kuambiwa kosa lake, "Umeshindaje?" na Masafa aliuma midomo, akachota saruji, akaibandika, akasawazisha, machozi yakimtoka, kwa sababu katika nyumba nzima na mtaa mzima hapakuwa na mwingine wa kumuuliza. Jumatatu uliuliza kama amekula. Jumanne uliuliza kama amekasirika. Jumatano ulisema, "Mimi pia nilikuwa peke yangu humu, miaka mingi," kisha ukanyamaza, na ile harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji ikapanda, pamoja na harufu ya nguo iliyopigwa pasi sasa hivi, na harufu ya chai inayochemka katika jiko ambalo lilikuwa limezimwa tangu asubuhi, mpaka Masafa akaona kama nyuma ya lipu ile mna nyumba nyingine kamili, imepangwa viti, imetandikwa, inamngoja mtu. Alhamisi haukusema neno, ila alisikia upande wa pili mwiko ukikwangua polepole, unapofika wake na ule unafika, anapousimamisha na ule unasimama, na alipoweka kiganja chake juu ya saruji mbichi alihisi, wazi kabisa, joto la kiganja kingine kilichowekwa palepale kutoka ndani, kidole kwa kidole. Ijumaa pakawa kimya.

Jumamosi asubuhi ukuta ulikuwa mkavu, umenyooka. Masafa aliugonga mara moja, akaburuta. Ulilia kavu kutoka juu hadi chini. Mchana alitandika kitanda cha binti kwa shuka mpya, akatundika pazia kwenye dirisha, akarudi nyuma kutazama, na ndipo alipoona kwamba mlango wa chumba hauna komeo. Msichana wa miaka kumi na sita bila komeo mlangoni! Dada angemla nyama. Ilikuwa saa kumi tu, muda wa kwenda dukani na kurudi ulitosha. Akachukua kofia, akajipapasa mfuko, na kwa mara ya kwanza tangu anunue nyumba ile alijikuta anapiga mluzi.

Alikuwa ameshafungua mlango wa mbele.

"Unatoka?" ilisema sauti kutoka chumbani, kwa wepesi, kama mtu wa nyumbani aliyeshughulika na jambo lingine.

"Natoka mara moja," alijibu Masafa, kwa furaha yake, kwa malezi mema aliyolelewa. "Kwaheri."

"Haya, kwaheri. Karibu tena."

Mlango ulijifunga nyuma yake, taratibu, bila kishindo.

Aligeuka kizingitini. Akajaribu ufunguo, ukaingia, haukuzunguka. Akasukuma kwa bega. Akazunguka nyuma, dirisha la chumba limefungwa, pazia alilolitundika kwa mkono wake limeshushwa. Akakimbia mpaka kwa Babu Mwiko, akaambiwa mzee yuko kazini mtaa wa mbali, na yule mjukuu aliyemjibu akamuuliza jina mara mbili, akalisahau mara mbili, akimtazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi yaliyofutwa. Akarudi mbio. Jua lilikuwa limeanza kulala juu ya mapaa, vivuli vya nguzo vimejinyoosha mpaka upande wa pili wa barabara, na kabla hajafika mlangoni alisikia kicheko cha msichana kikitoka ndani, kicheko ambacho katika ziara zake zote za miaka yote hakuwahi hata siku moja kukipata, na juu ya kicheko kile sauti yake mwenyewe, yenye mikwaruzo ya vumbi la barabarani, ikiuliza, "Sukari vijiko vingapi, mama?" na binti akajibu, "Viwili na nusu, baba."

Aliinua mkono. Hakuwa na namna nyingine. Aligonga mlango wa nyumba yake.

Binti alifungua, mkono mmoja umeshika kikombe kinachotoa mvuke. Alikuwa amerefuka. Alikuwa na macho ya mama yake. Alimtazama Masafa kwa adabu, kuanzia kofia hadi viatu, akatabasamu kidogo, kama ambavyo msichana aliyelelewa vizuri humtabasamia mtu asiyemjua.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Baba yuko ndani. Nimwambie nani anamwita?"