Meno Mapya ya Difu

Landrova ilizama katikati ya uwanda wa chumvi, kaskazini ya Bagamoyo, siku ya bamvua, na maji ya bahari yameshaanza kujaa. Magurudumu ya nyuma yalirusha tope mpaka juu ya turubai, na gari lisisogee hata shubiri.

"Mume wangu," Bi Fatu alimtania mjukuu wake Mrisho, akiwa pale kiti cha pembeni, "mimi nilidhani nimeolewa na dereva!"

Mrisho hakucheka. Alikuwa akimrudisha bibi yake nyumbani Mkange kutoka hospitali, mguu wake umefungwa plasta toka nyonga mpaka kisigino. Barabara ya juu ilikatwa na mvua, ndiyo akapitia huku. Na lo, kwa gari gani! Juma lililopita alibadilisha meno ya difu ya nyuma, yale yanayozungusha magurudumu, akatia mengine yenye nguvu ya kuvuta magunia. Ya mbele yalikuwa hayajafika kutoka Dar. Hapo ndipo haraka inapokosa baraka, maana difu zikishatofautiana, huthubutu tena kuunganisha magurudumu ya mbele. Ya mbele yanataka kukimbia, ya nyuma yanataka kukokota, na chuma cha katikati hupasuka. Mrisho alikuwa ameufunga mkono wa giya ya magurudumu ya mbele kwa kamba ya katani, asije akajisahau.

Akakata matawi ya mikoko, akayasokomeza chini ya matairi. Gari likanguruma, likazidi kuzama. Akambeba bibi mgongoni, tope likammeza mapaja, bibi akapiga yowe la maumivu. Ikabidi amrudishe garini. Maji yalishafika kwenye vipandio.

"Niache, kaite watu," alisema Bi Fatu. "Mimi nimeshakula chumvi nyingi, haya maji hayanitishi."

"Bibi, nyamaza."

Akatoa kisu, akakata ile kamba ya mkono wa giya.

"Si ulisema litavunjika?"

"Na livunjike! Bismillahi."

Magurudumu ya mbele yakauma tope. Tope lina huruma yake: matairi yaliteleza, na zile difu mbili zikavumiliana. Gari likachomoka, maji yakilifuata nyuma. Lakini walipokanyaga mchanga mgumu, chuma kikaanza kulia. Mrisho akauvuta mkono wa giya autoe, nao umeganda. Kuulegeza kulitaka arudi nyuma kidogo, na nyuma ni bahari.

"Twende, mama, twende," aliliambia gari, machozi yakimtoka.

Wakapanda tuta. Mlio mkubwa ukapasuka chini yao, mafuta yakamwagika, gari likafa palepale. Lakini walikuwa pakavu.

Watu wa mashamba ya chumvi waliusikia mlio ule, wakaja na kitanda cha kamba, wakambeba Bi Fatu. Mrisho alitembea ubavuni, wala hakugeuka kulitazama gari lake. Bibi alimshika vidole, akavibana.

"Mrisho."

"Naam, bibi."

"Pale nilipokwambia uniache, nilisema uongo. Moyoni nilimwomba Mungu usinisikie."

"Sikukusikia, bibi," alisema Mrisho, akamvutia kanga mpaka mabegani.