Kijito Kilichonyolewa

Mama Povu alikuwa dobi. Kutwa nzima mikono yake ilikuwa ndani ya beseni, na mdomo wake haukupumzika. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni, akayasuuza kijitoni, akayaanika. Zamani yalikuwa meupe pepepe. Siku hizi yalitoka na rangi ya chai.

Mwenye nyumba ya wageni alikuja mwenyewe, shuka mkononi.

"Mama Povu, wageni wangu wanauliza kama nimewalaza shambani. Mvua kubwa zikija na mambo ni haya haya, natafuta dobi mwingine."

Mama Povu alilipokea shuka, akalitumbukiza tena kwenye beseni. Kazi ile ndiyo iliyolisha nyumba yake.

Upande wa juu wa kijito, mdogo wa mumewe alilima kabichi. Watu walimwita Wembe, maana hakuacha jani likasimama. Alimwonea huruma shemeji yake.

"Usijali, shemeji. Matete haya ndiyo yanayofuga uchafu. Niachie mimi."

Akafyeka matete yote yaliyobaki, akang'oa nyasi, akalima mpaka ukingoni.

"Umeona? Nimekinyoa kijito, kimekuwa bwana harusi!"

Kesho yake mvua ilinyesha. Maji yakaja mazito kama uji. Mama Povu alimjia juu.

"Shemeji, hukunyoa kijito, umeninyoa mimi!"

Jirani yao, afisa wa maji, alisikia kelele akaja na buti zake za mpira. Aliingia kijitoni, akageuza jiwe. Chini yake palikuwa na tope tupu. Akawapeleka juu zaidi, kupita shamba la Wembe, mahali ambapo miti na matete vilikuwa bado vimesimama. Akageuza jiwe jingine. Wadudu wadogo wenye mikia myembamba wakatimka.

"Ehee! Kumbe uchafu unatoka huku," alisema Mama Povu.

"Hapana, mama. Wadudu hawa hutaka maji safi. Tope likijaa kati ya mawe, wanakosa pa kukaa. Na samaki wanaowala wanapotea."

"Na matete je?" Wembe aliuliza, sauti imeshuka.

"Mizizi yake inashika udongo. Mashina yanachuja maji ya mvua kabla hayajafika kijitoni. Kila ulipoyafyeka, shamba lako lilizidi kuhamia majini."

"Mwone bwana harusi wako, shemeji!" Mama Povu alicheka.

"Na wewe usicheke," afisa alimgeukia. " Sabuni yako inaishia wapi?"

Kicheko kilimkauka. Ilikuwa inaishia kijitoni.

Basi kazi ikaanza. Wembe aliacha ukanda mpana kando ya maji bila kuulima. Akapanda matete na nyasi, na shambani akainua matuta ya kuzuia udongo usiporomoke. Majani yaliporefuka, roho ilimuuma. Kila aliposhika panga, shemeji yake alimkazia macho, naye akaliweka chini. Mama Povu mwenyewe alichota maji kwa ndoo, akafulia mbali na kijito. Maji ya sabuni aliyamwaga kwenye shimo la mchanga na kokoto huko huko. Mgongo ulimuuma, akalalamika kila siku, lakini hakuacha.

Mvua kubwa zikafika. Mashemeji hao wawili walisimama ukingoni, moyo juu juu. Maji yaliingia rangi kidogo, matete yakainama, yakainuka. Mvua ilipokatika, maji yakatulia. Muda si mrefu mawe ya chini yakaonekana moja moja.

"Yanaonekana, shemeji! Yanaonekana!" Wembe alirusha kofia yake, ikaangukia majini, akaifuata mbio na nguo zake zote. Mama Povu alicheka mpaka akakaa chini.

Mwenye nyumba ya wageni alipokuja, alivaa miwani. Akaligeuza shuka huku na huku, akalinyanyua juani. Alitafuta doa kwa bidii zote, akalikosa.

"Wiki ijayo nitakuletea na mapazia," alisema.

Mama Povu alipiga kigelegele kilichosikika ng'ambo ya kijito.

"Lete hata mazulia, bwana! Maji ninayo!"