Kerosi Kwenye Waya

Nyamusi hakuwahi kuvuta sigara maishani, lakini siku ya tatu tangu atoke hospitalini, leso yake ilinuka tumbaku.

Benta, mke wa mwanawe, aliifua bila kuuliza. Angemfikiriaje vibaya mama aliyekuwa akimwachia kichwa cha samaki huku akisingizia kushiba? Moyo wa mama ulikuwa umechoka. Madaktari walimwekea betri chini ya ngozi ya bega, waya ukashuka hadi kwenye njia ileile ambayo moyo hupitishia umeme wake. Sasa ulipiga mara sitini kwa dakika, sawasawa na saa ya ukutani. Betri ilikuwa ya msaada, imetolewa mwilini mwa marehemu fulani ikasafishwa.

Mchana huo, mvua ikigonga mabati, sauti nzito ya mwanamume ilitoka chumbani. "Huku ni kwembamba."

Benta alikimbia. Nyamusi alikuwa peke yake.

"Nyar Asumbi, funga mlango," akanong'ona, akimwita Benta binti wa Asumbi, kwao alikozaliwa. "Kuna mtu anatembea kwenye waya. Anapanda, anashuka. Anaitwa Kerosi."

Maalim Mohamednur, muuza vitambaa wa Rongo anayewasomea wagonjwa dua, aliitwa akaja mvuani. Alisoma kidogo, akafunga kitabu.

"Kumtoa naweza, binti. Lakini ameshika betri. Akitoka kwa nguvu, atatoka nayo."

"Na mama je?"

Maalim aliinama, akavaa viatu.

Mtoto wa Benta, wa siku nne na bado hana jina, alianza kulia. Boma lao hutaja majina ya marehemu mpaka mtoto anyamaze. Aliyetajwa hapo ndiye anayetaka kukumbukwa kwa jina la mtoto, na akishakumbukwa hutulia. Benta akataja babu, akataja shangazi, akataja wote waliozikwa nyuma ya nyumba, na mtoto akazidi kulia, na chumbani mama akakoroma kama anayekabwa, na harufu ya tumbaku ikajaa mpaka macho yakamwasha, na Benta akamhurumia hata yule mgeni asiye na wa kumkumbuka, akasema, "Basi, wewe ni Kerosi?"

Mtoto akanyamaza.

"Ameondoka!" Nyamusi akaita, akicheka na kulia. "Nyar Asumbi, nimepona!"

Benta alilaza sikio kwenye kifua cha mwanawe. Moyo wa kichanga hukimbia kama wa kifaranga. Huu haukukimbia. Ulipiga polepole, sawasawa na saa ya ukutani.