Siku Blogu Yangu Ilipopanda Hadi Namba Tisa

Jina la mdogo wangu nililikuta kwenye orodha ya wafu, ndani ya blogu yangu mwenyewe.

Lilikuwa la nne. Jilala Masalu.

Sikuliandika mimi. Mimi nilikuwa Kahama, dukani kwa Bwana George anayeuza vipuri vya karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Simu nilikuwa nimeizima kwa heshima ya mteja. Yeye akachukua ya kwake afungue blogu yetu, aone kama inafaa kuweka tangazo lake.

Akasoma kimya kimya. Kisha akainua macho.

"Dada, wewe si Aneth Masalu? Huyu Jilala Masalu ni nani yako?"

Nikamnyang'anya simu...

Duara la kuchimbia dhahabu limetitia alfajiri upande wa Bulyanhulu. Wachimbaji wadogo sita wamefukiwa. Majina kamili haya hapa. Na chini kabisa, jina la mwandishi: Kalisti.

Jamani, Kalisti! Kalisti niliyefanya naye kazi miaka minne. Kalisti aliyekula Krismasi kwangu na Jilala, wakagombea kichwa cha sato mpaka nikawatenganisha. Alimjua mdogo wangu kwa sura na kwa sauti.

Na bado akabonyeza.

Nikawasha simu yangu, nikampigia.

"Dada Aneth, nimekutafuta hupatikani."

"Ulijua ni Jilala?"

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Kalisti, ulijua?"

"Nilijua, dada. Lakini wale jamaa wa blogu ya Mwanza walishafika pale, wana orodha ileile. Ningechelewa dakika tano tu wangetuwahi."

Nilitaka kumtukana. Mdomo ukagoma, kwa sababu maneno yale niliyafahamu. Yalikuwa yangu.

Ngoja niwaeleze yalikuwaje yangu.

Juzi kwenye kundi letu la mabloga wa Kanda ya Ziwa mwenzetu mmoja aliuliza kama nafasi ya blogu kwenye ule msimamo wa umaarufu ina maana yoyote. Wengine mkamcheka. Wengine mkamwambia hiyo ndiyo kila kitu. Mimi nilisoma nikakaa kimya. Hili ndilo jibu langu, mnisamehe kwa urefu wake.

Blogu yetu iliitwa Machimboni Leo. Na ule mtandao unaopanga blogu kwa idadi ya wanaozifungua mnaujua wenyewe. Tulianzia mia tatu na kitu huko, tukapanda taratibu. Mwaka jana tukafika arobaini na moja, tukagota hapo.

Ile namba iliniingia kichwani kama malaria. Nilikuwa nikiamka, kabla hata ya kunawa uso, naangalia tuko wapi. Tukishuka nafasi mbili, siku hiyo sisemeshwi.

Na msinione mjinga. Kila mwenye tangazo swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo: mko namba ngapi? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama tunachoandika ni kweli.

Tukajifunza kinachopandisha. Semina za wachimbaji hazipandishi kitu. Bei ya dhahabu inapandisha kidogo. Ajali inapandisha sana... na majina ya marehemu yanapandisha kuliko vyote, maana kila mwenye ndugu machimboni lazima afungue.

Kuna siku wale wa Mwanza walituwahi kwa dakika kumi kwenye ajali ya namna hiyo. Nilimsema Kalisti mpaka machozi yakamlenga. Nikamwambia kuanzia leo majina kwanza, kupiga simu baadaye. Ndugu wa marehemu watajua tu.

Watajua tu... Mimi huyu ndiye niliyesema hivyo.

Basi pale dukani, baada ya jina la Jilala, wazo lililofuata lilikuwa moja. Mama.

Mama yetu alikuwa Tinde, mjane, na presha ilikuwa inamsumbua. Na kwenye ukoo wetu mama hapewi taarifa ya kifo cha mwanawe juu juu. Wanatumwa wazee wawili watatu. Wanafika, wanasalimia, wanakaa. Wanaomba maji ya kunywa. Wanauliza mvua, wanauliza ng'ombe, hawana haraka, mpaka mwenyewe aanze kuhisi. Neno linasemwa wakati moyo wake umeshaanza kujiandaa, na pembeni yake yupo mwanamke wa kumshika.

Kama Jilala amekufa, sikuwa na uwezo wa kumrudisha. Ila Mama alikuwa hai. Kazi yangu ikabaki moja tu: wazee wamfikie kabla ya ile orodha.

Nikamwambia Kalisti afute. Akafuta. Lakini mabloga wenzangu, mnajua wenyewe. Dakika arobaini zilishapita, watu wameshaipiga picha, imeshasambaa kwenye magrupu.

Nikampigia baba mdogo Bartholomeo, mkubwa wa ukoo pale Tinde. Hapokei. Nikapiga tena na tena. Bwana George, Mungu ambariki, alifunga duka lake akaniingiza kwenye gari bila hata kuniuliza swali.

Njia nzima napiga simu haipokelewi. Na kutoka Kahama mpaka Tinde nilimwomba Mungu kitu ambacho sikuwahi kumwomba maishani. Nilimwomba leo asipatikane mtu wa kusoma blogu yangu.

Baba mdogo alipokea tukiwa tunakaribia.

"Shikamoo baba. Tafadhali wahi kwa Mama, nenda na wazee kabla..."

"Aneth." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Tuko njiani tunampeleka Kolandoto. Mama yako ameanguka. Ameshajua."

"Nani kamwambia?"

"Njoo, mwanangu. Hayo baadaye."

Hawakumfikisha hospitali. Alikata roho njiani, kichwa chake kikiwa mapajani kwa jirani yake Melania.

Sina maneno mazuri ya kuwaelezea siku ile. Nililia mpaka sauti ikakauka. Asubuhi nilikuwa na mama na mdogo wangu, jioni sina hata mmoja. Nilijiona nimebaki peke yangu duniani, na niliyejifanyia hivyo ni mimi.

Kesho yake nyumba ilijaa watu. Turubai limefungwa, wanaume nje, sisi ndani kwenye mikeka. Jikoni alikuwepo Mama Maduhu, ambaye mwanawe Maduhu alikuwa anachimba duara moja na Jilala. Alikuja tangu jana yake, kabla ya wote. Alisonga ugali wa watu wote hawa, alinilisha uji kwa mkono wake. Alikuwa akiwaambia wanawake kwa sauti ndogo kwamba yeye Mungu amemstiri, jina la Maduhu halikuwemo kwenye orodha, hivyo asipotumika kwenye msiba huu atakuwa hana shukrani.

Saa tano asubuhi nikasikia kelele nje. Hazikuwa za kilio. Zilikuwa za watu wanaokimbia.

Nikatoka.

Jilala alikuwa amesimama katikati ya ua, begi mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope.

Hai.

Wenzangu, nilimkimbilia. Nilimshika uso, nikamshika mabega, nikamshika uso tena.

"Dada, mimi sijafa," akasema, kana kwamba anaomba radhi. "Ile zamu sikuingia. Nilikuwa Katoro."

Kwa msiojua machimbo, niwaeleze. Duarani kila mchimbaji ana nafasi yake kwenye daftari la zamu, na mawe yakitoka yanagawanywa kwa kufuata majina ya daftari. Ukipata dharura unamwomba mwenzako aingie kwenye nafasi yako, mtamalizana wenyewe. Karani habadilishi jina. Daftari linamtaja mwenye nafasi, halimtaji aliyeshuka.

Kila mtu kule anajua hilo. Mimi nilijua. Kalisti, aliyepiga picha lile daftari na kunakili majina, alijua pia. Ilitosha kumuuliza karani swali moja: hawa ndio walioshuka wenyewe? Tusingetumia hata dakika tano.

Simu ya Jilala ilikuwa imeharibika huko Katoro. Alirudi machimboni asubuhi hiyo, watu wakamkimbia, ndipo akaambiwa nyumbani tayari wanamlilia. Akadandia pikipiki, akabadilisha magari, akaja mbio amtoe Mama wasiwasi.

Akatazama turubai na watu wote wale. Alidhani ni msiba wake. Akacheka kidogo, kicheko cha woga.

"Mayu yuko wapi? Acha nimwone kwanza, asije akaumia bure."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Alizunguka akiwatazama watu usoni mmoja mmoja, na kila aliyemtazama aliinamisha kichwa. Mwishowe akanigeukia mimi, nikautazama mlango wa nyumba. Akatupa begi chini akakimbilia ndani.

Kilio chake sitakiandika hapa.

Alipotulia kidogo, baba mdogo akamwuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyeingia kwenye nafasi yake.

"Maduhu," akasema. "Nimetokea kulekule. Wamemtoa alfajiri ya leo. Nimemwona kwa macho yangu."

Tukatazamana. Jikoni mwiko ulikuwa unasikika bado unagonga sufuria.

Yule mama alikuwa na siku nzima anashukuru kwa sababu yangu. Orodha yangu ilimuua mtu aliye hai, ikamfufua aliyekufa, na mama zao wote wawili waliiamini.

Baba mdogo akainuka na wazee wawili. Wakavuta vigoda nje ya jiko, wakakaa. Wakaomba maji ya kunywa. Mama Maduhu akayaleta mwenyewe, akapiga goti kuwapa. Wakamwuliza kama mvua imeshuka kijijini kwake. Akajibu. Wakamwuliza ng'ombe. Akaanza kujibu... katikati akasita, akawatazama mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimeshasogea nyuma yake, mikono tayari.

Niliposhika mabega ya yule mama ndipo nikajua ukubwa wa kitu nilichomnyima wangu.

Tulimzika Mama siku iliyofuata. Kalisti alikuja, akakaa mbali na watu, akaondoka bila kuaga. Sikumfukuza na sikumwita. Ningemlaumu kwa lipi, wakati alifanya nilichomfundisha?

Lakini swali moja lilikuwa bado linanitafuna. Ni nani aliyemwambia Mama? Nilitaka kumjua mtu huyo. Niseme ukweli, nilitaka nipate wa kumchukia.

Nikamfuata Melania kwake. Aliponiona tu akaanza kulia.

"Ni mimi, Aneth. Lakini ni yeye aliyeniambia nisome."

Mama hakujua kusoma. Alikuwa na kisimu cha kupokelea tu, tena mara nyingi hakina chaji. Mwaka jana nilipokwenda kumsalimia nilimlalamikia kwamba namba yetu imegoma kupanda. Akaniuliza inapandaje. Nikamjibu tu ili yaishe, nikamwambia kila mtu akifungua inasaidia. Nikaondoka, nikasahau.

Mama hakusahau.

Tangu siku ile, kila asubuhi akishafungulia kuku alikuwa anakwenda kwa Melania na mayai yake mawili ya bando, amfungulie blogu ya mwanawe. Na hakuridhika ifunguliwe tu. Alitaka isomwe yote kwa sauti, kwa sababu aliogopa isiposomwa haitahesabiwa. Alisomewa bei ya dhahabu, akasomewa semina, akasomewa hata matangazo ya karasha. Akimaliza alikuwa anauliza: "Amepanda?" Melania hakujua pa kuangalia, kwa hiyo kila siku alikuwa anamjibu kwamba amepanda.

Asubuhi ile alikuja kama kawaida. Melania akafungua, akaanza kusoma. Jina la kwanza. La pili. La tatu... Macho yalipong'amua lile la nne, mdomo ulishalitaja.

"Akaniambia rudia," Melania akasema. "Nikarudia."

Nilikaa pale kwake mpaka jua likahama ukuta, sina wa kumchukia.

Baada ya wiki ndipo nikafungua jumbe zangu. Kulikuwa na pole nyingi. Kulikuwa pia na ujumbe wa kampuni moja kubwa ya matangazo, ambayo nilikuwa nimeisumbua mwaka mzima bila majibu. Walinipongeza. Walisema siku ile ya ajali Machimboni Leo ilipanda kutoka arobaini na moja hadi namba tisa nchi nzima, na sasa wako tayari tuzungumze.

Nikaifunga blogu siku hiyohiyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeuliza, nafasi kwenye ule msimamo ina maana? Ina maana, nisikudanganye. Wenye matangazo wataiuliza na utaitaka. Ila inahesabu milango iliyofunguliwa, haijui aliyesimama mlangoni ni nani. Tuliwahi kuwa wa tisa nchi nzima, na siwezi kuwatajia hata mmoja kati ya maelfu waliotufikisha pale, isipokuwa Mama.

Nyinyi endeleeni kuandika, sijasema muache. Ila ukishika orodha ya majina mkononi, uliza kwanza kama ndio wenyewe. Na ukishapata uhakika, bado usibonyeze. Acha wale wa Mwanza wakuwahi, subiri mpaka mama wa mtu awe ameambiwa, amekaa chini, ana mtu wa kumshika.