Siku Printa Ilipokubali

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minne. Shule niliiacha darasa la sita, nikazurura kila mji wenye stendi. Juzijuzi nilitoka Bariadi alfajiri na begi moja, bila kujua ninakokwenda... Acheni niwaeleze kilichonitoa.

Kabula ndiye aliyenituliza. Alikuwa na duka dogo la steshenari pale Bariadi, kompyuta moja na printa moja. Tukaishi kama mke na mume. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mahali pa kurudi jioni!

Kompyuta ilijaa virusi vya flashi za wateja. Nikamwambia nitaiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta ambao yeyote anaweza kuufungua aone unavyofanya kazi. Yeye aliuliza jambo moja tu: "Printa itachapa?" Nikaapa kwamba itachapa.

Haikuchapa!

Kompyuta ikawa nyepesi kama mpya, lakini nikibofya ukurasa wa majaribio, kimya. Nikabofya tena na tena. Wateja waliokuja na barua za kuomba kazi wakahamia duka la jirani. Kabula akaniomba nirudishe mfumo wa zamani. Nikamjibu nimekaribia... Na kweli nilikuwa nimekaribia! Kila kosa kwenye skrini lilinifungulia kitu kipya cha kujua. Nilikula pale, nikalala pale, mgongo ukielekea mlangoni. Je, nilimtazama hata mara moja?

Mchana mmoja nikagundua kwamba draiva niliyoweka, ile programu ya kuiwezesha kompyuta kuongea na printa, ilikuwa ya printa nyingine yenye jina linalokaribiana. Nikaweka yenyewe. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi... ikachapa! Ikachapa na nyingine, na nyingine. Kurasa zote za majaribio nilizowahi kubofya zilikuwa kwenye foleni. Zikamwagika hadi sakafuni.

"Kabula! Imekubali!"

Aliyeingia ni mama Limi, anayekaanga maandazi nje ya duka. "Shemeji, unamwita nani? Si amepanda basi la Lalago asubuhi, karudi kwao? Alisimama hapo hapo na begi, akakuaga, nasikia kwa masikio yangu. Ukamjibu, 'Sawa.'"

Nilimjibu sawa! Hata sauti yake siikumbuki...

Nilipompigia alipokea kaka yake. Akasema ufunguo wa duka niuache kwa mama Limi.

Kesho yake nikapanda basi la kwanza lililopiga honi. Likanishusha Mwandoya.

Ndugu zangu, kupenda kujua si kosa. Lakini mtu wako akikusemesha, acha unachokifungua, geuka, umwone ameshika nini mkononi. Ningegeuka, ningeliona lile begi!

"Mwadila, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma mama mwenye gesti pale Mwandoya. Akaitikia, akavuta droo ya funguo.

"Mko wangapi, baba?"

Nikageuka kutazama mlangoni... Kisha nikamwambia niko peke yangu.