Stempu Iliyogoma Kubanduka

Stempu iligoma kubanduka. Nyingine zote Eggert Thiessen alizoloweka Jumapili ile kwenye bakuli la supu zilikwisha kuachana na karatasi zao na kuelea, kazi ndogo tu ya maji ya uvuguvugu. Hii moja, nyekundu iliyofifia, ya zama za Kaisari, iling'ang'ania kipande chake cha bahasha.

Na kosa lilikuwa lake. Mkusanyaji yeyote wa stempu pale Heide, mji wao wa kaskazini, angemwambia kwamba bahasha kuukuu haikatwi, huhifadhiwa nzima pamoja na anwani yake. Eggert ndiye aliyekuwa akiwasimanga wenzake wa chama cha wakusanyaji stempu kwa makosa ya aina hiyo. Lakini albamu yake ilikuwa na pengo moja, na stempu hii haikugongwa mhuri wa posta kwa sababu barua haikuwahi kutumwa. Uchu ukamzidi akili, akatia mkasi.

Ilipoachia hatimaye, maji yalikuwa mazito, yakivutika kidoleni kama mate. Yalinuka gundi ya kale na mdomo wa mtu aliyelala njaa. Mkewe, Walburga, aliyamwaga, akaosha bakuli, na jioni akanywea supu yake humo humo. Kulipokucha ulimi wake ulianza kukauka.

Hospitali walimpima kila kitu, wakasema hawaoni ugonjwa. Haukupita muda akawa hawezi kumeza hata chai. Muuguzi alikuja nyumbani kumtundikia dripu, maji yakaingia mwilini na kupotea kusikojulikana, na Walburga, mwanamke mwenye maneno mengi, akanyamaza kabisa, ulimi umegandamana na kaakaa. Eggert aliirudisha stempu kwa gundi kwenye kipande chake. Kila asubuhi aliikuta sakafuni.

Kisha zikaanza sauti, tena mchana kweupe. Kwenye chumba cha albamu kulikuwa na mtu analamba. Eggert akisogea mlangoni, sauti inakoma. Akirudi jikoni, ulimi ule unaanza tena kupita juu ya karatasi, polepole, bila haraka yoyote, na siku alipojikaza akaingia na kufunua albamu alizikuta stempu zake zote, jasho la maisha yake, zimelowa mgongoni na kujibandika kurasani, na harufu ya gundi ikamjaa mpaka kooni, na chumba cha pili Walburga, ambaye hakuwa na tone la mate, akawa anakohoa kikohozi kikavu kisichokoma.

Alimpigia simu Hinnerk, mwenzake wa chama aliyemuuzia bahasha ile.

"Nilikwambia uiache ilivyo," Hinnerk alisema kwa sauti ya chini.

"Ulisema ni nadra. Hukusema kingine."

"Ningesema nini? Ungenicheka mbele ya chama kizima. Mwenye barua alikuwa anamwandikia mwanawe vitani. Akailamba stempu, akaibandika, akafia palepale mezani. Nyumbani kwao walisema mate yake hayajawahi kukauka."

"Mke wangu anakufa, Hinnerk."

"Mwite Bibi Telse," akasema.

Bibi Telse alikuwa mganga wa kunong'ona, akiwatibu watu chunjua na upele wa mkanda wa jeshi. Watu wa kule humcheka hadharani, halafu wanamwendea kwa mlango wa nyuma. Alifika kabla jua halijazama, kwa baiskeli, kofia ngumu kichwani.

"Masharti unayajua," alimwambia Eggert ukumbini. "Hakuna malipo, hakuna asante. Ukishukuru umeurudisha mzimu huu. Na haunisikilizi mara ya pili."

Eggert aliyajua tangu utotoni. Akaitikia kwa kichwa.

Chumbani, Bibi akainama sikioni kwa Walburga na kunong'ona. Harufu ya gundi ikawa nzito mpaka macho yakawasha, na kule kulamba kukatoka chumba cha albamu, kukaja na ukuta wa ukumbini, kukapita miguuni pa Eggert, kukapanda kitandani, kukafika kwenye mto, kukakaa hapo muda mrefu, kisha pazia likavutwa nje ya dirisha kama kuna kitu kimetoka, na kulamba kukakoma. Walburga akameza. Eggert alimsikia akimeza, akalia bila haya. Alimnywesha chai kwa kijiko, akaimaliza yote.

Bibi Telse alivaa kofia yake na kuondoka bila kuaga, kama inavyotakiwa. Eggert alimfuata kumfungulia mlango, midomo ameibana, moyo umemfurika. Nyuma yao ikaja sauti ya kukwaruza, tamu, aliyokuwa ameikatia tamaa.

"Asante sana, mama."

Walburga alizaliwa milimani kusini, kwa watu wanaomshukuru hata dereva wa basi, na hakuna aliyemwambia masharti.

Bibi Telse alisimama, mkono kwenye kitasa. Hakugeuka.

"Mimi siwezi tena," alisema.

Eggert alikimbia kitandani. Walburga alikuwa bado anatabasamu, akitaka kumwambia jambo, lakini midomo yake haikufunguka.