Kinanda Kinachojipiga Chenyewe

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Kindness alikata majani ya ng'ombe, akafagia ua na kuchota maji. Jumamosi ile alifanya kazi zote mbiombio, hata majani yenyewe akayakata machache, kwa sababu alikuwa anakwenda Moshi mjini na mjomba wake kununua kinanda cha kwaya. Kindness alikuwa na miaka kumi na miwili, na yeye ndiye aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa lao, kanisa dogo lililo mlimani juu ya mji wa Himo, katikati ya migomba na mibuni. Mjomba wake, Filemon, alikuwa mwalimu wa kwaya. Kinanda cha zamani kilikuwa kimekufa baada ya panya kuingia stoo ya kanisa na kuzaa ndani yake.

Kinanda kipya kilikuwa kinanunuliwa na usharika mzima. Kwa Jumapili kadhaa, baada ya ibada, waumini walisimama nje kwenye mnada wa mazao: mikungu ya ndizi, mayai, maziwa, maparachichi. Bibi Elinipendo, mwimbaji mzee kuliko wote, alitoa kuku wake mtagaji. Kuku huyo aliuzwa mara tatu, maana kila aliyemnunua alimrudisha mezani auzwe tena kwa ajili ya kinanda. Watu walicheka sana siku ile, kwa kuwa kila mnunuzi, ingawa alijua hatamla, alimpapasa kwanza kifuani kuona kama ana nyama.

Wazee waliamua kuwa kinanda kipya kisilale stoo tena. Kitakaa nyumbani kwa kina Kindness ili afanye mazoezi, na siku za ibada, misiba na harusi kitabebwa kichwani kupitia vichochoro vya migomba. Kwa hiyo Mjomba Filemon alitaka kinanda kinachobebeka, kinachoweza kulia umeme ukikatika, na kinachojua kunong'ona na kupaza sauti kwa kufuata mkono wa mpigaji. Aliyarudia maneno hayo kutoka nyumbani mpaka mjini, kana kwamba Kindness alikuwa kiziwi.

Kama kuna binadamu anayeweza kumchosha muuza duka, basi ni Mjomba Filemon. Katika duka la kwanza alifungua mfuko wake akatoa ngata ya majani makavu ya mgomba, akamwekea Kindness kichwani, akambebesha kinanda juu yake. Kisha akamwambia atembee mpaka mlangoni na kurudi. Wateja waligeuka kutazama. Baada ya hapo mjomba alifungua leso akatoa betri sita alizokuja nazo kutoka nyumbani, akaomba waya wa umeme uchomolewe. Alifumba macho kama mtu anayesali, akasikiliza Kindness akipiga polepole, tena kwa nguvu, tena polepole. Mwishowe akasema sauti ya kinanda hicho ni nyembamba kama ya mbu, wakaondoka.

Duka la pili ngata ilitoka tena. Betri zikatoka tena. Mwanafunzi mmoja mwenye sare alimwona Kindness na kinanda kichwani katikati ya duka, akaangua kicheko, na Kindness akatamani ardhi ipasuke immeze. Safari hii mjomba alisema kinanda ni kizuri lakini kitahitaji punda. Jua lilikuwa kali, Kindness alikuwa na njaa, na chipsi alizoahidiwa hazikutajwa tena. Alijiuliza moyoni kama mjomba wake alikuja kununua kinanda au kuoa.

Duka la tatu lilikuwa la Mzee Abdulkarim, mtu wa Moshi kwa kuzaliwa, aliyekuwa akisaidiwa na binti yake Rukaiya, rika la Kindness. Kulikuwa na vinanda viwili, na bei zake hazikuachana sana. Kimoja kilikuwa cheusi, kifupi, hakina urembo wowote. Kingine kilikuwa cha rangi ya fedha, kirefu, na taa ndogondogo zimejipanga juu yake. Mjomba alikuwa ameanza kufungua mfuko wake alipokumbuka kuwa hajanunua turubai la kukifunikia kinanda mvua ikinyesha. Alimkabidhi Kindness ngata na ile leso ya betri.

"Jaribu vyote viwili kama tulivyofanya kule," alimwambia. "Beba, weka betri, piga pole, piga kwa nguvu. Wewe ndiye mpigaji. Utakachochagua ndicho tutakachokinunua."

Alipotoka tu, Rukaiya alibonyeza kitufe kwenye kile cha fedha. Taa zikawaka, ngoma zikaanza, magitaa yakaingia, tarumbeta zikafuata, na hakuna mtu aliyekuwa amegusa kibao hata kimoja. Kindness alisahau njaa. Alijiona mbele ya wageni waliotarajiwa kanisani, na taa zile zikimmulika usoni.

"Hicho ndicho," alisema.

Rukaiya alimvutia kiti. "Kaa kwanza ujaribu. Hapo kimejipiga chenyewe. Bado hujakisikia kwa mkono wako."

"Ndugu yangu, tangu asubuhi najaribu vinanda. Vidole vimechoka, shingo imechoka. Kinanda ni kinanda."

Mzee Abdulkarim naye alimuuliza kama ana hakika, akamwonyesha kibao cha ukutani kilichosema mali ikishauzwa hairudishwi. Kindness alijibu kuwa ana hakika. Mjomba aliporudi na turubai lake, kinanda kilikuwa tayari ndani ya boksi, limefungwa kwa utepe wa gundi. Mzee Abdulkarim alikuwa upande wa pili akimhudumia mteja mwingine.

"Umebeba?" mjomba aliuliza.

"Nimebeba."

"Betri umeweka?"

"Nimeweka."

"Pole na kwa nguvu?"

"Vyote, mjomba," alisema Kindness, akamrudishia leso yake.

Rukaiya aliinua macho, akamtazama, kisha akayashusha tena kwenye kitabu cha risiti. Mjomba Filemon alimshika Kindness bega, akamwambia kuwa leo amemtua mzigo. Kisha akamnunulia chipsi. Kindness alizila, lakini hazikuwa na ladha aliyoitarajia.

Alhamisi jioni kwaya ilikutana kanisani, na boksi likafunguliwa mbele ya wote kwa mara ya kwanza, kama wazee walivyotaka. Wageni walikuwa wanakuja Jumapili hiyo, kwaya nzima kutoka Bomang'ombe, na wimbo mkuu ulianza kwa ubeti ambao Bibi Elinipendo aliuimba peke yake kwa sauti ndogo, iliyotulia. Alipoanza, kinanda kilimfunika kama mvua juu ya bati. Mjomba akaomba Kindness apige pole. Kindness aligusa vibao kwa ncha za vidole, lakini sauti ilibaki ileile. Alijaribu kupunguza kwa kitufe, na kwaya nzima ilipoingia, kinanda hakikusikika kabisa. Akaongeza, na bibi akafunikwa tena. Mjomba Filemon alianza kukuna kichwa. Waimbaji wa sauti ya tatu wakaanza kunung'unika.

Kisha umeme ukakatika. Taa zote nzuri za kinanda zikazimika, na sauti ikafa katikati ya neno. Bibi Elinipendo aliendelea kuimba peke yake gizani mpaka akamaliza ubeti, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mjomba aliwasha tochi ya simu, akatoa leso yake, akakipindua kinanda atafute mahali pa kuweka betri. Chini kulikuwa laini, hakuna mfuniko wala tundu. Alikipapasa mara mbili.

"Hiki sicho alichokijaribu mtoto," alisema. "Kule dukani aliweka betri. Wametubadilishia ndani ya boksi."

Waimbaji walipandisha sauti, kila mmoja akisimulia alivyowahi kulizwa mjini. Hapo ndipo Kindness alipopaswa kusema. Alifungua mdomo, akaufunga. Alijikasirikia mwenyewe, akakikasirikia kinanda, akamkasirikia hata mjomba kwa kumwamini kiasi kile. Bibi Elinipendo alikuwa akimtazama.

Jumamosi walirudi Moshi. "Wewe ndiye shahidi wangu," mjomba alimwambia asubuhi. Kabla ya kuondoka, Kindness alizunguka nyuma ya kihamba, lile shamba la migomba la nyumbani kwao, akachuma jani moja la sale kwenye mpaka, akalificha chini ya sweta. Uchagani, anayekwenda kuomba msamaha huenda na jani la sale, na aliyeletewa jani hilo hamfukuzi. Alikusudia kumwambia mjomba njiani, lakini njia nzima mjomba alikuwa akipanga maneno ya kumwambia muuza duka, na kila Kindness alipotaka kuanza, maneno yale yalikuwa yameongezeka ukali.

Dukani mjomba aliweka boksi juu ya meza. Hakupaza sauti, na hilo lilitisha zaidi. Alisema kanisa zima lilichanga kwa ajili ya kinanda hicho, na kwamba mtu mzima kumdanganya mtoto ni aibu. Wateja wawili waliokuwa wakichagua spika walisimama kusikiliza, mmoja wao akairudisha aliyokuwa ameishika.

Mzee Abdulkarim alikunja uso. "Miaka yote niko hapa sokoni, sijawahi kuitwa mwizi," alisema. "Mwulize binti yako. Mwanangu, mimi nilikubadilishia?"

Rukaiya alikuwa palepale. Alijua yote, lakini alinyamaza, akimwachia Kindness nafasi. Kindness alitia mkono chini ya sweta, akatoa lile jani la sale, akaliweka mezani kati ya wazee wawili. Mjomba Filemon aliliona kabla hajasikia neno lolote, na uso wake ukabadilika.

"Sikukijaribu," Kindness alisema, machozi yakimtiririka. "Sikubeba, sikuweka betri. Kilijipiga chenyewe, mimi nikasikiliza tu. Nilichoka, mjomba, nikakudanganya. Mzee hakubadilisha kitu."

Kindness alisubiri kugombezwa, lakini lililofuata lilimuuma kuliko kugombezwa. Mjomba wake, mwalimu wa kwaya, mtu anayesikilizwa na usharika mzima, alilichukua lile jani kwa mikono miwili, akaliweka mbele ya Mzee Abdulkarim na kuinamisha kichwa.

"Na mimi naomba kwa jani hilihili," alisema. "Nimekuita mwizi mbele ya watu."

Mzee Abdulkarim alishusha pumzi. Alikulia Moshi, jani lile alilijua vizuri. Alisema kibao chake cha ukutani hakijafutwa, lakini boksi ni zima, na mtoto aliyesema kweli mbele ya wateja amemrudishia jina lake. Angekipokea kinanda kile, kwa sharti moja: safari hii mtu asitoke humo ndani mpaka mtoto amejaribu.

Mjomba Filemon alifungua leso yake.

Kindness alikaa mbele ya kile kinanda cheusi kisicho na urembo. Aligusa kibao kimoja baada ya kingine, kutoka chini mpaka juu. Alipiga pole, kikanong'ona. Alipiga kwa nguvu, kikaitika mpaka mlangoni. Aliomba waya uchomolewe, akatia betri sita, akapiga ule wimbo wa Bibi Elinipendo wote, kisha akaurudia. Alivaa ngata, akabeba, akatembea mpaka barabarani na kurudi, na wapita njia wakacheka watakavyo. Ikafika mahali Mzee Abdulkarim akapiga miayo, na mjomba mwenyewe akauliza kama hawawezi sasa kwenda kula.

"Bado, mjomba," Kindness alisema. "Sijajaribu kwa spika kubwa."

Rukaiya alicheka mpaka akajishika tumbo.

Jioni ile, kabla ya mazoezi, mjomba alimtaka Kindness aieleze kwaya mwenyewe. Aliieleza, bila kuficha kitu. Na Jumapili wageni wa Bomang'ombe walipokuja, umeme ulikatika katikati ya wimbo mkuu, kama ilivyo desturi yake. Kinanda cheusi hakikutetereka. Sauti ya bibi ilisikika hadi viti vya nyuma, na kinanda kiliifuata chini yake taratibu, kikisubiri kwaya iingie.

Baada ya ibada Bibi Elinipendo alimwita Kindness kando.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, unamkumbuka kuku wangu? Waliomnunua walijua hawatamla, na bado walimpapasa. Wewe ulinunua jasho la watu wote hawa kwa kutazama taa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Nimekosa, bibi."

"Kuchoka si kosa, kila mtu huchoka. Kosa ni kusema umefanya wakati hujafanya, maana uongo wako mdogo ulikuwa unakwenda kumfanya mtu mwema mwizi. Siku nyingine ukichoka, sema umechoka. Tutakaa chini, tutakula ndizi, kisha tutaendelea. Hakuna aliyefukuzwa kwenye kwaya hii kwa kuchoka."

Mawingu yalikuwa yameanza kushuka kutoka mlimani. Mjomba Filemon alikuwa akikifunika kinanda kwa turubai, akitafuta kijana wa kukibeba hadi nyumbani. Kindness alimfuata, akanyoosha mkono.

"Nipe ngata, mjomba," alisema. "Uzito wake naujua."